Waridi Jekundu Linataka Mkasi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya majirani na wanakikundi wetu hapa Iringa mjini. Wengine mlikuwa msibani, wengine shambani, na simu zimekuwa nyingi mkitaka niyarudie. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema, ila nimeacha kukohoa.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, shikamooni. Kina mama wenzangu, kamwene! Mbona mnaitikia kama mnaona baridi? Kamwene! Haya, sasa nimewasikia. Na nyie wanangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Asitoke mtu kabla ya chai.

Nimeombwa nizungumze juu ya waridi jekundu, lile la shina refu na ua moja kubwa juu yake, ambalo wengi wenu mnaliona uani kwangu mkipita kwenda ibadani. Kila anayesimama pale langoni ananiuliza swali moja tu: "Mwalimu, unaweka mbolea gani?" Mwaka hadi mwaka ni mbolea, mbolea, mbolea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Mwalimu, unakata lini?" Sasa mimi leo nimekuja kujibu swali ambalo hamkuniuliza.

Nianze na mbuzi.

Nilipohamishwa kutoka Tukuyu kuja kufundisha hapa Iringa, nilibeba miche mitatu ya waridi kwenye viriba, nimeipakata kwenye basi kama watoto. Miwili ilikufa. Mmoja ukashika. Mwaka wa kwanza ulinipa maua manne, kila moja limejaa kiganja, jekundu la kuiva, na harufu unaisikia kabla hujafungua mlango. Nikalipenda. Nikaapa kwamba mkono wa mtu hautaligusa, si wa mtoto wala wa mgeni. Hata ua likinyauka nililiacha lidondoke lenyewe, kwa heshima.

Mnajua kilichotokea? Mwaka wa pili likarefuka. Mwaka wa tatu likapita dirisha. Chini limebaki miti mitupu kama miguu ya korongo, majani yote yako juu, na maua yenyewe sasa yamekuwa kama vifungo vya koti. Nikaongeza samadi. Likarefuka zaidi! Nikaongeza tena.

Basi mwaka ule, Agosti mwanzoni, mbuzi wa jirani akakata kamba. Narudi kutoka shule jioni nakuta visiki vinne, urefu wa goti langu hivi, na mbuzi amelala pembeni anacheua, miiba na yote. Nililia, ndugu zangu. Jirani alikuja na jogoo kuniomba radhi, nikampokea jogoo lakini sikumpokea mwenyewe. Wiki nzima sikumsalimu.

Wiki ya tatu nikaona kwenye vile visiki vidoti vyekundu, vidogo kama punje ya ulezi. Vikavimba. Vikawa machipukizi ya rangi ya zambarau, manene kuliko yoyote niliyowahi kuona kwenye mti ule. Mwishoni mwa Septemba nilihesabu matumba kumi na moja. Kumi na moja, kwenye mti uliokuwa unanipa vifungo! Nikaenda kwa jirani jioni ile, nikamwamkia, nikamwuliza kama mwakani anaweza kuniazima yule mbuzi.

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini nilikuwa sina mkasi.

Sasa tujiulize: mbuzi alijua nini ambacho mwalimu hakukijua? Haya maua tunayoyapenda wataalamu wanayaita haibridi tii, yaani chotara wa waridi-chai. Yale ya chai yalitoka China, na watu wa Ulaya waliyaita hivyo kwa sababu harufu yake iliwakumbusha majani ya chai. Kwa hiyo ndugu yangu wa Mufindi, kwenye mashamba ya chai, usije ukayachuma ukayachemsha. Yalikuwa yanatoa maua tena na tena, lakini baridi ya Ulaya iliyashinda. Wakayachanganya na mawaridi yao yenye mwili mgumu. Chotara anayehesabiwa kuwa wa kwanza alitolewa na mkulima wa maua aitwaye Guillot, mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1867, akapewa jina la nchi yenyewe: La France. Huyo alikuwa wa pinki. Wekundu mashuhuri walikuja baadaye sana. Mmoja wao, Mister Lincoln, aliingia sokoni Marekani katikati ya miaka ya 1960, na mpaka leo ukitaja waridi jekundu la bustani lenye harufu kali, wapenda maua watakutajia hilo.

Kwa nini nawapeleka mpaka huko? Kwa sababu kule kwao kuna majira ya baridi kali. Baridi ile inalilaza waridi. Majani yanapukutika, mti unanyamaza miezi kadhaa, mwenye bustani anakuja na mkasi kabla halijaamka, na linaamka na nguvu mpya. Sisi huku Nyanda za Juu tuna baridi, hilo silikatai, na Julai hii mmekuja na masweta na mablanketi. Lakini baridi ya Iringa haililazi waridi. Inalichosha tu. Linaendelea kutoa kajani hapa, kaua pale, mwaka mzima bila kupumzika.

Wafugaji mko hapa? Inueni mikono. Mzee, ng'ombe mwenye mimba unamkamua mpaka siku ya kuzaa? Unamkausha, sivyo? Miezi miwili kabla. Ukiendelea kumkamua unapata maziwa ya leo na ndama dhaifu kesho. Waridi la Iringa ni ng'ombe asiyekaushwa. Huku kwetu hakuna theluji ya kulikausha, basi atakayelikausha ni wewe na mkasi wako.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Anasema, "Ukilikata hivyo si litakufa?" Mzee wangu, nimekusikia. Tutarudi kwako.

Nieleze sasa mkono unavyofanya. Kwanza wiki mbili au tatu kabla punguza maji, lijue kuna jambo linakuja. Siku ya kukata, vaa glovu au funga kitambaa, kwa sababu miiba hii haijui kuwa wewe ndiye mwenye nyumba. Noa mkasi. Mkasi butu unaponda shina, na pale palipopondeka ndipo ugonjwa unapoingilia. Panga siutaki hata kuusikia.

Anza na yaliyokufa. Ukikata tawi, tazama kiini chake. Kama ni cha kahawia, shuka chini kidogo ukate tena. Kahawia bado? Shuka tena. Shuka mpaka ukione kiini cheupe, chenye unyevu, kama kiazi kilichotoka kumenywa sasa hivi. Hapo umefika kwenye uhai. Kisha toa vitawi vyembamba kuliko penseli, havitakubebea ua zito. Toa yanayopita katikati na kusuguana. Bakiza matatu mpaka matano, yaliyo manene, yaliyofunguka kama vidole vya mkono ulioshika bakuli. Katikati pawe wazi, upepo upite.

Halafu yafupishe hayo yaliyobaki, karibu nusu ya urefu wake au zaidi. Na hapa, tafadhali, msiwe na haraka. Tafuteni jicho. Jicho ni kale kavimbe kadogo kaliko juu ya alama ambapo jani lilikuwa limeshika. Chagua jicho linalotazama nje ya kichaka, si ndani, kwa maana tawi jipya litaelekea kule jicho linakotazama. Kata juu yake, upana wa nusu kidole tu, na mkato uinamie upande wa pili, ili tone la maji litelemkie mbali na jicho. Ukiacha kipande kirefu juu ya jicho kitakauka na kurudisha ukavu chini. Ukikata karibu mno jicho lenyewe litakauka. Nusu kidole.

Lini? Ah, hapa nina kesi ya kujibu. Baada ya mbuzi kunifundisha, nikawa kama mtu aliyeokoka jana, kila ninayekutana naye namhubiria kukata. Dada yangu anaishi Makete, huko juu karibu na Kitulo, mahali ambapo watu wanapaita Bustani ya Mungu. Yeye naye alikuwa na waridi jekundu mlangoni. Nikampigia simu mwanzoni mwa Juni: "Dada, kata!" Akakata, maskini, kwa utii. Machipukizi yakaja mazuri, laini, katikati ya Julai. Asubuhi moja anafungua mlango anakuta barafu imelala juu ya majani, ile jalidi nyeupe. Jua lilipopanda, kila chipukizi likawa jeusi na limelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Alinipigia simu. Sitayarudia aliyoyasema, kuna watoto hapa.

Waridi lenyewe halikufa. Shina la zamani lilivumilia ile baridi bila shida yoyote, kilichoungua ni uchanga niliouita mimi kabla ya wakati wake. Kwa hiyo ukiwa Makete, Njombe au mabonde ya Mufindi ambako jalidi inashuka, subiri mpaka Agosti ipate joto kidogo. Hapa Iringa mjini na Mbeya mjini, wiki ya mwisho ya Julai mpaka katikati ya Agosti panatosha.

Ukishakata, hesabu kama wiki saba mpaka nane. Penye baridi ongeza kidogo. Hesabu hiyo inafanya kazi hata kwa mikato midogo ya katikati ya mwaka. Unataka maua ya Krismasi? Yakate yaliyonyauka, pamoja na kipande cha shina, tarehe 6 Novemba. Nyie vijana wa nyuma mnaokimbilia dukani kila tarehe 14 Februari kununua ua moja kwa bei ya kuku, shikeni mkasi tarehe 27 Desemba, wakati watu wengine bado wanamalizia pilau.

Na hayo ya dukani, wacha niseme kidogo ingawa hayapo kwenye mada. Mengi yanazalishwa kwenye mabanda ya plastiki, Arusha na Kenya, yakapandwa kwa ajili ya kusafiri na kukaa siku nyingi kwenye chombo. Ndiyo maana mengi hayanuki. Unalipeleka puani unasikia friji.

Sasa kina mama, kuna mkato mwingine mnaouogopa kuliko ule wa Agosti: kulichuma ua lenyewe. Mnaliacha mtini mpaka linyauke, "linapendezesha nyumba." Ua lililonyauka likiachwa linatunga tunda, na mti ukishapata tunda unaona kazi imekwisha. Lichume asubuhi, tumba limeanza tu kufunguka. Shuka chini ya ua, pita majani yenye vijani vitatu, fika kwenye jani lenye vijani vitano linalotazama nje, kata juu yake. Peleka mezani, peleka kwa mgonjwa. Watu wa pwani tangu zamani wanajua waridi kwa marashi, wanamnyunyizia mgeni kwa mrashi. Sisi huku bara tumeligeuza la kutazamwa tu kama picha ya ukutani.

Kuna mkato wa tatu, na huu haufanywi kwa mkasi. Mama mmoja wa Mafinga alinilalamikia kwamba waridi lake limegeuka. Alinunua jekundu, miaka miwili likatoa mekundu, mwaka wa tatu likaanza kutoa viua vyeupe vidogo vilivyosongamana. Akasema muuzaji alimwibia. Shemeji yake akasema kuna mkono wa mtu. Nikaenda kuona. Ndugu zangu wa parachichi, ninyi mtanielewa haraka. Si mnabebesha miche? Chini shina la kienyeji, juu kikonyo cha parachichi la soko. Waridi hili nalo mara nyingi hubebeshwa hivyohivyo. Chini kuna waridi mwitu lenye mizizi migumu, juu ndilo jekundu. Sasa chipukizi likitokea chini ya lile fundo la maungio, hilo si la kwako, ni la mwitu, na lina nguvu kuliko bwana wake. Likiachwa linakula kila kitu. Mama alikuwa analimwagilia kwa bidii, kumbe ananenepesha mpangaji huku mwenye nyumba anakufa njaa.

Ukilikata kwa mkasi linarudi mawili. Fukua udongo, fuata mpaka linapotokea kwenye mzizi, lishike, ling'oe kwa kulivuta lichanike pamoja na kitako chake. Yule mama aling'oa manne. Jekundu lake lilirudi.

Mbolea! Najua bado mnaisubiri. Haya. Shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ya miezi sita, ambayo ukiishika hainuki tena. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Rudia ndoo moja baada ya kukata, na nyingine mvua zikianza. Basi. Na jivu, kina mama, jivu! Mimi mwenyewe nilimwaga jivu la jikoni kila asubuhi kwa sababu mama yangu alimwagia mboga. Majani ya juu yakawa ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Jivu likizidi linaondoa uchachu wa udongo, na waridi linapenda udongo wenye uchachu kidogo. Bila uchachu huo chuma kipo ardhini lakini mzizi hauwezi kukinywa. Sasa jivu langu naweka kiganja kimoja kwa msimu, au nasugulia sufuria.

Maji ni haya: kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, ndoo moja ya lita kumi mara mbili kwa wiki kwa kila mti, inayomwagwa polepole shinani. Hiyo inashinda kikombe cha kila siku kinachoishia juu. Tandaza nyasi kavu au majani ya misonobari, lakini yasigusane na shina.

Na nilivyotoka Tukuyu naikumbuka mvua ya kule. Wanapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ndizi zinacheka, waridi linalia. Majani yanapata madoa meusi yenye kingo za manyoya, yanageuka njano, yanadondoka, mwezi wa tatu mti uko uchi. Nilidhani ni wadudu, nikanyunyiza dawa ya wadudu msimu mzima, nikaua nyuki tu. Ule ni ukungu. Mbegu zake zinahitaji jani libaki limelowa kama saa saba ili zichipue. Umeelewa sasa kwa nini nilisema katikati ya kichaka pawe wazi? Upepo ukipita na jua la asubuhi likagusa, jani linakauka kabla ya saa hizo. Miti ikae mbalimbali, karibu mita moja. Usimwagilie majani jioni. Okota yaliyodondoka, uyachome, usiyatie kwenye mboji. Anayeishi penye mvua ya namna ile atumie ile dawa ya ukungu wanayonyunyizia viazi, mankozebu, kabla madoa hayajaenea, akiwa amevaa glovu na kufuata maelezo ya pakiti.

Wadudu wa kweli ni vidukari, wale wa kijani wanaojazana kwenye shingo ya tumba. Wasukume kwa maji kwa siku mbili tatu. Wakikaidi, pareto inayolimwa hukuhuku kwetu inawamaliza. Nyunyiza jioni, jua limezama na nyuki wamelala, maana jua huivunja nguvu dawa hiyo haraka.

Mnaponunua mche msiulize jina, kwenye vitalu vyetu wengi watakwambia "rozi nyekundu" na imetoka. Tazama mashina: yawe angalau matatu, manene. Geuza jani uangalie chini. Na kama kuna ua, nusa.

Lakini hamna haja ya kununua leo. Mwenyekiti ametoa ruhusa, na mkasi wangu uko hapa. Pale nje ya ukumbi, upande wa bomba, kuna waridi ambalo halijaguswa tangu jengo hili lipakwe rangi ile ya kwanza. Nimelitazama wakati naingia: limepita dirisha, chini tupu, vifungo vitatu juu. Tutakayoyakata ya unene wa penseli tutayagawana, urefu wa kiganja na nusu, macho manne. Mawili ya chini yafukie kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, ufunike na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Mwezi mmoja na nusu hivi utaona. Sio yote yatakayoshika, chukua matatu upate moja.

Mzee wangu wa mbele, wewe uliyesema litakufa, njoo. Shika mkasi. Utaanza wewe, tawi la kwanza, na utuambie kiini chake ni cha rangi gani.